Kadi za Timu Moja Tu

Juni 25, 2009, jijini New York, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa wa pili katika orodha ya vijana wanaoingia NBA mwaka huo. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin, wa tatu James Harden, wa saba kijana mwembamba aitwaye Stephen Curry. Yaliyofuata tunayajua. Wamarekani wakianza kuhesabu timu zilizochagua vibaya, jina la Thabeet halikosekani, na sisi huku tunabaki kukumbushana kwamba ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Ila kwa mtu anayekusanya kadi za wachezaji, habari hii ina faida yake. Kadi za Curry za msimu wa 2009-10, zile nzuri, zinafika bei ya gari. Ya Thabeet, iliyochapwa na kampuni ileile kwenye karatasi ileile, mara nyingi unaipata kwa bei ya soda na chapati.

Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mtu wa kipato cha kawaida kukusanya kadi za timu moja. Anayefukuzia nyota hafiki: kila mwaka anazuka kijana mpya, na bei inapanda kabla hajafungua pochi. Anayekusanya timu anawataka wote waliovaa jezi, na wengi wa waliovaa jezi ya timu yoyote hawatafutwi na mtu mwingine. Kadi zao zinalala kwenye maboksi ya wauzaji zikisubiri mtu mmoja duniani azitake. Uwe wewe.

Grizzlies nitawatumia kama mfano mpaka mwisho, kwanza kwa ajili ya Thabeet, pili kwa sababu historia yao ni fupi. Walianza 1995 wakiwa Vancouver, Kanada, mwaka uleule Toronto walipoingia ligi, wakahamia Memphis 2001. Ukiwa shabiki wa Lakers au Bulls, ninayosema hapa yanakuhusu vilevile, ila jiandae kugombea kila kadi na nusu ya dunia. Ukiwa wa Celtics au Knicks, timu zilizokuwepo tangu 1946, jiandae kuwa mzee kabla hujafika katikati.

Kabla ya kununua hata kadi moja, chora mipaka. Watu wengi wanaruka hatua hii, na ndiyo maana makabati yao yamejaa vitu ambavyo wenyewe hawajui vimefikaje.

Mpaka wa kwanza ni mji. Je, Vancouver ni timu yako? Kisheria na kwa kumbukumbu za ligi, ni timu ileile. Kwa moyo, shabiki wa Memphis aliyezaliwa 1998 hana habari na Bryant Reeves, yule jitu la Oklahoma ambaye Grizzlies walimchagua wa sita mwaka 1995 akawa chaguo lao la kwanza kabisa katika historia. Mimi nasema waingize. Kadi za miaka ile zina dubu na rangi ya bahari, zilichapwa kwa wingi na kampuni nyingi kwa pamoja, na kwa hiyo ni rahisi mno. Isitoshe, bila Vancouver humwelewi Shareef Abdur-Rahim, na bila Abdur-Rahim huelewi Pau Gasol alifikaje Memphis: Atlanta walimchagua Gasol wa tatu mwaka 2001 wakamtoa ili wampate Abdur-Rahim. Kijana huyo wa Kihispania akawa mchezaji bora kati ya wachezaji wapya wa msimu ule.

Mpaka wa pili ni mgumu zaidi: picha au maandishi? Kampuni huchapa kadi kabla mambo hayajatulia. Mchezaji akihamishwa kiangazi, utakuta kadi imeandikwa Memphis lakini mwanamume kavaa jezi ya timu aliyotoka. Au kinyume chake: jezi ni ya Memphis, jina la timu ni la kwingine. Usiku wa kuchagua wachezaji ndio unaovuruga zaidi. Mwaka 2008 Kevin Love alichaguliwa na Memphis na O. J. Mayo akachaguliwa na Minnesota, kisha usiku uleule wakabadilishana. Love hakuwahi kuchezea Memphis hata dakika moja. Ukikuta picha yake kavaa kofia ya Grizzlies, inaingia kwenye albamu au haiingii? Kwangu jezi ndiyo inayoamua: kama kwenye picha amevaa jezi ya timu, anaingia, na kofia peke yake haitoshi. Wewe unaweza kuamua vingine, mradi uamue mapema na uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Sheria isiyoandikwa hubadilika kila unapoiona kadi ya kuvutia.

Mpaka wa tatu ni kina. Kuna anayetaka kila kadi iliyowahi kuchapwa yenye jina la timu. Huyo namwombea heri. Tangu miaka ya tisini kampuni zimekuwa zikichapa kadi moja kwa sura nyingi: ya kawaida, ya fedha, ya bluu, ya dhahabu, yenye namba hadi 99 (nakala 99 tu), hadi 25, hadi kumi, na ile ya pekee iliyoandikwa 1/1. Msimu mmoja wa karibuni unaweza kumpa nyota kama Ja Morant mamia ya kadi tofauti, na hiyo 1/1 ikishaingia mikononi mwa mtu aliyeipenda, basi. Mkusanyiko wa kila kitu haukamiliki.

Ninachopendekeza ni mchezaji mmoja, kadi moja: kila aliyevaa jezi ya timu apate nafasi moja kwenye albamu, na ikiwezekana iwe kadi yake ya kwanza akiwa na jezi hiyo. Kisha chagua mtu mmoja tu, au wawili, ambao utawachimba mpaka chini. Kwa Mswahili anayekusanya Memphis, jibu ni Thabeet, na bahati ni kwamba msimu wake wa kwanza ulikuwa wa aina yake. Mwaka 2009 ndipo Panini, kampuni ileile ya Italia inayochapa albamu za stika za Kombe la Dunia, ilipoingia kwenye kadi za NBA, wakati Topps na Upper Deck nao bado walitoa seti za wachezaji wa mwaka huo. Kwa hiyo sura ya Thabeet ilichapwa na kampuni tatu, kwa mitindo mingi, halafu akasahaulika sokoni. Una uwanja mpana wa kuchimba, kwa pesa kidogo.

Utaratibu wa mchezaji mmoja kadi moja una raha nyingine ambayo haionekani mpaka albamu ianze kujaa. Unapoziweka kwa mpangilio wa tarehe ambazo wachezaji waliingia timu, kadi zinaanza kusimulia zenyewe. Allen Iverson anatokea msimu wa 2009-10, maana ni kweli alijiunga na Memphis na akacheza michezo mitatu tu kabla ya kuondoka. Thabeet yuko ukurasa uleule. Februari 2011 Memphis walimtoa Thabeet kwenda Houston na kumrudisha Shane Battier, ambaye alianzia hapohapo Memphis mwaka 2001. Miezi miwili baadaye, katika mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya San Antonio, Battier akatupa ile ya pointi tatu sekunde zikiwa zimebaki ishirini na kitu, na Grizzlies wakapata ushindi wa kwanza wa mtoano katika maisha yao. Waliingia wakiwa wa nane wakamtoa aliyekuwa wa kwanza. Kwa hiyo ukiweka kadi ya Thabeet kando ya kadi ya Battier, una sababu. Mtoto akikuuliza kwa nini ziko pamoja, una hadithi ya kumpa. Hakuna kadi ya 1/1 itakayokupa hilo.

Sasa orodha. Usitegemee kumbukumbu. Tovuti ya Trading Card Database ina orodha za seti karibu zote, na unaweza kuzipanga kwa timu na kwa mwaka. Kaa nayo jioni kadhaa, pitia msimu kwa msimu, andika majina. Utagundua kuwa si kila mchezaji ana kadi. Aliyesainiwa kwa siku kumi akacheza dakika sita mara nyingi hana, na aliyepita katikati ya msimu anaweza kuwa na kadi nyingi lakini zote za timu nyingine. Mfikirie Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, ambaye alivaa jezi ya Memphis msimu wa 2023-24 na kuondoka kabla msimu haujaisha. Watu wa namna hiyo watafute kwenye orodha kabla ya kujiapiza kwamba albamu itakuwa na kila mtu. Pale ambapo kadi haipo, acha nafasi wazi yenye karatasi iliyoandikwa jina kwa mkono. Hiyo nayo ni kumbukumbu.

Tukija kwenye kununua, nina neno moja ambalo wauzaji hawatalipenda: usinunue pakiti. NBA ina timu 30. Ukifungua boksi lenye kadi 240, zilizo za timu yako zitakuwa nane hivi, na kati ya hizo nane utakuta mchezaji mmoja karudiwa. Ni kununua mbuzi mzima kwa sababu unataka figo. Kufungua pakiti kuna utamu, sikatai, na ukitaka utamu huo mara moja kwa mwaka siku ya kuzaliwa kwako, jipe. Lakini usiuite ukusanyaji.

Nunua kadi mojamoja, au nunua fungu la timu. Wauzaji wengi wanaofungua maboksi kwa wingi hubakiwa na kadi za kawaida ambazo hawajui wazipeleke wapi, na huziuza zikiwa zimefungwa kwa timu: Grizzlies wote wa msimu fulani kwa dola chache. Fungu kama hilo linaweza kukujazia kurasa mbili kwa mkupuo. Kuna pia njia ya watu kuchangia boksi mtandaoni: kila mmoja ananunua timu, muuzaji anafungua mbele ya kamera, na kila kadi inaenda kwa mwenye timu yake. Kwa mkusanyaji wa timu mpango huu umekaa vizuri, lakini angalia bei. Mwaka ambao timu yako ina kijana anayevuma, nafasi yake inauzwa ghali kupita kiasi. Mwaka wa ukame ndio wa kuingia.

Kuhusu bei, tazama kitu kimoja tu: kiliuzwa kwa kiasi gani. Kwenye eBay kuna kitufe cha kuonyesha vilivyokwisha kuuzwa. Bei anayoomba muuzaji ni matumaini yake, na matumaini hayana kikomo. Angalia mauzo kadhaa ya karibuni ya kadi hiyohiyo, katika hali hiyohiyo, toa ile ya juu na ile ya chini, utajua ulipo. Na nunua kiangazi. Kuanzia Julai mpaka Septemba hakuna mchezo, Wamarekani wamegeukia besiboli na maandalizi ya mpira wao wa miguu, na kadi ya kikapu hupoa. Oktoba inapokaribia, kadi ileile inapata homa.

Tatizo kubwa la aliye Dar, Mombasa au Bujumbura si bei ya kadi, ni usafiri. Kadi ya senti 99 inaweza kudai nauli ya dola nyingi kuvuka bahari, na kuna ushuru wa kuulizia. Dawa ni kukusanya kwanza, kusafirisha baadaye. Tovuti ya COMC imejengwa kwa namna hiyo: unanunua kadi mojamoja kwa wauzaji tofauti, zinabaki kwenye ghala lao kwa jina lako, nawe unaagiza zote pamoja siku ukiwa tayari. Dawa ya zamani zaidi ni ndugu. Kama una shangazi Houston au kaka Minneapolis, anwani yake inatosha, na kadi mia moja zinakaa kwenye boksi dogo kuliko kiatu kimoja. Mwambie tu asizitoe kwenye plastiki zake, na kwamba akija Desemba azibebe kwenye begi la mkononi. Kulipa nako si kikwazo tena kwa wengi, tangu M-Pesa ianze kutoa kadi za malipo za mtandaoni.

Kadi ikifika, igeuze kwanza nyuma. Watu hutazama mbele tu, na mbele ndiko kunakouzwa ndoto. Chukua kadi yenye kipande cha jezi. Mbele kuna dirisha dogo la kitambaa, pengine chenye rangi mbili na uzi wa mshono unaoonekana, na mkono wenyewe unataka kukigusa. Nyuma, kwa herufi ndogo sana, kampuni inaeleza kitambaa kilitoka wapi. Nyingine zinasema kilivaliwa katika mchezo. Nyingi za miaka ya karibuni zinasema kilivaliwa na mchezaji bila kutaja mchezo wowote, na wakati mwingine hata mchezaji hatajwi. Vijana wapya hupigwa picha pamoja kabla ya msimu, wakavalishwa jezi dakika chache, na jezi hizo ndizo zinazokatwakatwa. Si wizi, maana imeandikwa. Lakini usilipe bei ya jasho la Zach Randolph wa Grizzlies kwa kitambaa ambacho hakikuonja jasho.

Saini nazo zina daraja. Kuna iliyochapwa na mashine pamoja na picha, hiyo ni mapambo tu. Kuna iliyoandikwa kwenye stika angavu: kampuni ilimpelekea mchezaji karatasi nzima ya stika, akasaini mia kadhaa akiwa amekaa mahali, kisha zikabandikwa. Na kuna iliyoandikwa moja kwa moja juu ya kadi. Inamisha kadi kwenye mwanga na utaona ukingo wa stika mara moja, au wino ulivyokaa juu ya uso. Kwa mkusanyaji wa timu, stika si dhambi. Saini ya Tony Allen wa Grizzlies kwenye stika ni ya Tony Allen vilevile, na bei yake ni ndogo.

Kuhusu zile kadi zenye namba, watu hulipa zaidi namba ikilingana na ya jezi: 50/99 kwa Randolph, 12/99 kwa Morant. Ukiipata kwa bei ya kawaida, furahi. Kuilipia mara tatu mimi sioni mantiki.

Utunzaji ndio sehemu ambayo ushauri wa Wamarekani hautoshi kwetu, maana wao hawaishi kilomita mbili kutoka Bahari ya Hindi. Kadi za kung'aa, kama Prizm na Topps Chrome, zina tabaka la karatasi na tabaka la mng'ao, na unyevu unapoingia tabaka moja linavimba kuliko jingine. Kadi inapinda kama jani kavu. Kwa hiyo kila kadi ivae kwanza mfuko wake mwembamba wa plastiki, halafu yenye thamani iingie kwenye kibebeo kigumu. Za kawaida ziende kwenye albamu ya kurasa zenye vyumba tisa. Hakikisha kurasa zimeandikwa kwamba hazina PVC wala asidi. Zile za bei rahisi zinazonuka plastiki kali zitang'ang'ania uso wa kadi baada ya miaka michache. Albamu isimame wima, isilale, na isijazwe mpaka kutuna.

Kisha weka albamu na vibebeo ndani ya ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vibadilishe, havidumu milele. Boksi lisiwe chini sakafuni, lisiegemee ukuta wa nje, lisikae darini chini ya bati. Mende wanapenda karatasi kuliko unavyofikiri, na mchwa hawajui Pau Gasol ni nani. Kadi yenye saini usiitundike mahali jua linapopita. Wino wa bluu hufifia polepole kiasi kwamba hutaona mpaka siku utakapoilinganisha na picha uliyoipiga zamani. Na usifunge kibebeo kwa selotepu ya kawaida. Gundi yake ikiyeyuka kwa joto, utaikwangua kwa kucha huku unaomba Mungu.

Kuhusu kampuni za kupima kadi na kuzifungia kwenye plastiki yenye daraja, PSA na wenzake, sina mengi. Kwa anayeuza ina maana. Kwa albamu ya timu haina, maana kadi iliyofungiwa haiingii kwenye chumba cha albamu, na gharama ya kuipima inaweza kuwa mara ishirini ya bei ya kadi yenyewe. Fanya hivyo kwa kadi mbili tatu za juu ikiwa una hofu ya kughushiwa, na ununue ikiwa imeshapimwa tayari badala ya kuituma wewe mwenyewe.

Tangu msimu wa 2025-26 leseni ya NBA imerudi kwa Topps baada ya miaka ya Panini, kwa hiyo atakayeanza leo ana bahati ya mpaka ulio wazi: zama moja imefungwa na orodha zake hazitaongezeka. Ukitaka kazi yenye mwisho, kusanya Grizzlies wa zama za Panini pekee, 2009 hadi 2025. Wamo Thabeet na Iverson, wamo Mike Conley na Marc Gasol, aliyekuwa mlinzi bora wa ligi mwaka 2013, timu ilipofika fainali ya Magharibi. Wamo Jaren Jackson Jr. na Morant.

Mwisho ni zile kadi zitakazokurudia. Kila fungu litakuletea Conley wa tatu na Battier wa nne. Usizitupe, na usijaribu kuziuza mojamoja. Zifunge kwa mafungu madogo na utafute anayekusanya timu nyingine, maana naye amekaa na Grizzlies asiowataka huku wewe umekaa na Spurs wake. Mbadilishane kwa idadi, kumi kwa kumi, bila kupigiana hesabu ya senti. Piga picha mbele na nyuma kabla ya kutuma, sema wazi kama pembe imechakaa, na tuma wewe kwanza ikiwa mwenzako ana sifa kuliko wewe. Siku mzigo wake unapofika, weka alama kwenye orodha kabla hujafungua kadi inayofuata.